Safu ya Nne

Daftari la wodi lina safu nne:
tarehe, uzito wa mtoto, jina la mama, umri wake.
Mwaka nilioajiriwa, safu ya nne ilikuwa changa:
ishirini na mbili, ishirini, ishirini na nne,
kumi na tisa. Huyo alikuwa Bonaria,
aliyeng'ang'ania godoro akimtukana mumewe kwa Kisardinia
na mumewe yuko malishoni, anakama kondoo.
Usiku ule nilizalisha watatu, nikasahau kula.

Sasa kurasa zina nafasi ya kupumua.
Wa kumi na tisa hawaji; wako Torino, wako Bologna,
wanasomea kazi ambazo huku mlimani hazipo.
Wa ishirini na tano ana mkataba wa miezi mitatu
na chumba anachochangia na wenzake wawili.
Thelathini na tano ndiyo ishirini ya leo,
na arubaini hubisha hodi amekumbatia faili la vipimo
nene kuliko Biblia ya padri.

Efisio muuza jibini husema wasichana wamekuwa wavivu.
Namuuliza: Una binti wangapi? Watatu.
Wajukuu je?
Anafuta kisu.

Jana alfajiri waliniletea Ilenia, miaka arubaini na mbili,
mimba ya kwanza, theluji imejaa mlangoni.
Nikasoma jina la mama yake: Bonaria.
Mikono iliyompokea yeye duniani ni hii hii,
ila siku hizi vidole vinauma kukiwa na baridi.
Kati ya uchungu na uchungu akaniuliza,
"Nimechelewa?"
Nikamwambia, sukuma.

Kilo tatu na gramu mia mbili. Msichana, mkali wa sauti.
Ni wa kumi na moja mwaka huu, na hii ni Desemba.
Wodi itafungwa Machi; barua imebandikwa kwenye lifti.
Koridoni Bonaria anahesabu kwa vidole:
huyu akitimiza ishirini, mimi themanini na moja.
Nani atakimbizana naye?
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo,
lakini mwenyeji kabaki na magoti mabovu.

Nimeandika arubaini na mbili. Wino umechafua kidogo.
Binti yangu Daniela ana thelathini na nane.
Simuulizi.
Jumapili hupiga simu, tunazungumza habari za paka wake
na bei ya kuni.
Kisha huniuliza kama theluji bado ipo.
Ipo, namwambia. Ipo mpaka dirishani.