Vipande Vinne Dirishani

Vipande vinne, kila kimoja upana wa kiganja,
nimevipanga dirishani, karakanani kwangu Ngamiani,
pale jua la saa nane linapoingia bila hodi.
Mgongoni nimeviandika kwa penseli:
mninga, lakeri ya makopo mawili.
Mvule, vanishi ya boti.
Mkangazi, shelaki.
Msaji wa Longuza, mafuta na nta, basi.

Nje, chini ya turubai, basi.
Lilikuwa likipanda Lushoto na watu sitini na kuku wao.
Sasa viti vimeng'olewa, tumbo li wazi,
linangoja kabati, kitanda, sinki, meza ya kukunja.

Bwana Singano anataka king'ae.
"Fundi, nataka nizione ndevu zangu kwenye kabati."
Fedha anazo; amebeba mkonge wa watu miaka thelathini,
sasa anataka kujibeba mwenyewe, na mkewe, na birika.

Nikamwambia: bwana,
nyumba ya chini hulala. Hii hailali.
Itatikiswa njia ya Pangani, itakaangwa Dodoma,
itaamka na baridi Mafinga.
Mbao huvimba, husinyaa,
na koti gumu lisilojua kuvimba
hupasuka.
Akacheka. Akasema mafundi wote wanapenda hadithi.

Kwa hiyo nikavitesa, wiki tatu.
Chai ya tangawizi, kikombe kimetoka jikoni:
shelaki ikavaa pete nyeupe
kama mtu aliyeoa bila kuwaambia kwao.
Ndimu. Maji ya chumvi, chupa nzima kutoka Sahare.
Mtoto wa jirani na kijiko chake.
Kisha Mbelwa akavifunga kwenye keria ya pikipiki,
akaenda navyo Pangani, akarudi navyo, mweupe kwa vumbi.

Lakeri ilirudi inang'aa bado,
na ufa pembeni, mwembamba,
kama unywele ndani ya mchuzi.
Ukishauona, huli tena.
Vanishi ya boti haikujali kitu,
ila ilikuwa imeanza umanjano wa jino la mvuta tumbaku.

Ndipo akaja Bi Hadiya, peke yake, na mkoba.
Hakuuliza bei.
Akanusa kimoja kimoja, cha nne akakishikilia.
"Hiki kikichubuka tukiwa Singida, nani atakitengeneza?"
Wewe, nikasema. Kitambaa, mafuta kijiko kimoja,
msasa laini, mkono usio na haraka.
"Na hiki kinachong'aa?"
Hicho utaniletea basi zima.

Akafungua mkoba, akatoa ufunguo,
akakikwaruza kipande changu kutoka kona hadi kona.
Sauti yake niliisikia menoni.
"Nionyeshe."

Nikamwonyesha.
Akapitisha dole gumba.
"Kimebaki kidogo."
Kidogo kitabaki, nikasema.
"Basi hiki."

Tukakubaliana: vanishi ya boti sinkini na sakafuni,
kwingine kote msaji na mafuta yake.
Bwana Singano akanyamaza siku mbili,
kisha akaomba mlango mmoja tu, wa kabati la nguo,
upigwe lakeri.
Nikampigia, koti tatu.
Mwenye ndevu ana haki yake.

Jana basi limeondoka.
Chini ya kopo yalibaki mafuta, vidole viwili,
nikayapeleka nyumbani Makorora.
Mlango wangu sijawahi kuupaka kitu tangu niujenge;
mganga hajigangi, na mke wangu amechoka kunikumbusha.
Nikaupaka kwa fulana iliyozeeka.
Fremu sikuigusa na msasa.
Kuna mistari ya penseli pale, ngazi kwa ngazi:
Aziza, Idi. Aziza, darasa la pili. Aziza, baada ya surua.
Mafuta yakaizamisha bila kuifuta.
Juu ya mstari wa mwisho hakuna kitu.
Mwaka ule alikataa kupimwa,
alisema yeye si mbao.

Kesho itakuwa imekauka.
Au keshokutwa. Hewa ya Tanga ina maji.