Ufa

Bwana Ogada wa Kibuye aliagiza mita arobaini.
"Nichoree viboko," alisema, "na jua linazama ziwani.
Wageni hupenda." Akanihesabia nusu ya pesa.

Siku tatu karatasi ilinikodolea macho.
Kiboko wangu alitoka kama kochi.
Jua likatoka kama yai lililopasuka kikaangoni,
na kwa kulifikiria yai nikahisi njaa,
na kwa njaa nikawasha jiko.

Jiko hili lilitoka Chavakali, kwa marehemu mama.
Sahani yake ya udongo ina matundu kumi na tisa:
moja katikati,
sita yakilizunguka,
kumi na mawili yakiyazunguka hayo sita,
na ufa, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili,
niliousababisha mimi, asubuhi ya kukimbilia kengele,
maji ya ugali yakanitoka mkononi.
Mama hakunipiga. Aliuziba kwa matope na majivu.
"Sasa lina alama," akasema. "Halitaibika."

Nikatwaa kandambili ya kushoto, ile iliyokatika ukanda,
nikachonga soli kwa wembe, tundu kwa tundu.
Raba ikikatwa hulia kidogo,
kama mtu anayetafuna kwa siri.
Ufa nikauacha. Mchoro msafi ndio unaouzwa, nikajiambia.

Nikagonga chapa ya kwanza. Ya pili. Ya thelathini.
Matundu, matundu, matundu,
safi kabisa, na hayana uhai.
Apondi aliingia kuazima kiberiti, akasimama mlangoni:
"Nani ana surua?"

Usiku huo stima ilipotea Nyalenda nzima.
Sikuwa na mshumaa. Nilikuwa na makaa,
na juu ya makaa sahani ya mama,
nyekundu kila tundu,
na ufa mwekundu kuliko yote.

Basi kandambili ya kulia nayo ikaenda.
Mstari mmoja tu, uliopinda pale ulipopinda,
mwembamba pale udongo ulipokuwa mkaidi.

Ugumu ni kuunganisha.
Ufa ukitokea kulia sharti upokelewe kushoto,
la sivyo kila chapa ni kisiwa.
Nikashusha safu ya pili nusu hatua. Haikukubali.
Nikaipandisha kwa upana wa punje ya mtama,
nikaifuta kwa kitambaa chenye mate,
nikatukana, nikaomba radhi kwa picha ya ukutani,
nikagonga tena,
na ufa ukashika ufa,
ukaukwea mgongo wa kitambaa mshazari,
kama ile njia yetu inayopanda kati ya majabali
na mtu hajui ni nani aliyeikanyaga kwanza.
Chini, kijivu cha majivu. Ufa, rangi ya makaa
dakika ile kabla hujaongeza mengine.

Nilikwenda Kibuye pekupeku.
Ogada akakunjua, akakunjua tena.
"Viboko wako wapi?"
Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Mama mmoja muuza omena, karai kichwani,
alikuwa amekuja kwa bitana tu.
Akaweka kidole kwenye ufa,
kidole chenye chumvi, Ogada akashtuka,
akaufuata mezani, akaufuata ulipoanguka ukingoni,
akainama nao mpaka sakafuni.
"Hii ni sahani ya jiko," akasema. "Langu pia limepasuka hapa."
Kisha, akiwa bado amechuchumaa:
"Na huu unaishia wapi?"

"Mita ya arobaini," nikamwambia.