Mche Usiomo Daftarini

Daftari hili lilikuwa la mnada wa ufuta.
Kurasa za mbele bado zina kilo na majina,
na doa la chai la msimu ule
bei ilipotupiga chenga.
Nimeligeuza, naandikia nyuma:
Mkongo, ishirini. Mpangapanga, thelathini na miwili.
Mpingo, mbegu mia. Iliyochipua, kumi na mmoja.

Mimi ndiye katibu, Somoe binti Likanga,
wa kikundi cha watu tisa na majembe sita,
hapa Nambawala, Rondo inapoanza kushuka.
Kwanza tulipanda mikaratusi, tusifichane.
Ilikua upesi kama deni,
na chemchemi ya bondeni ikaanza kutoa sauti
ya mtoto anayemalizia soda kwa mrija.
Mwaka jana tukaikata.
Visiki vyake vinachipua hadi leo, havina haya.

Mbegu za kwetu, nani azijuaye?
Bwana miti alikuja na karatasi,
akaondoka na karatasi.
Tukamwendea Nnonjela, mchoma mkaa,
masizi hadi kiwikoni, kikohozi cha tanuri kifuani.
Alicheka kwanza. Kisha hakucheka.
"Mti niliouangusha," akasema, "ndio ninaoujua.
Mkongo hulia, ndipo hulala.
Mpangapanga hukuvunjia mpini, halafu ukuvunje moyo.
Ile iliyopinda niliiacha.
Si kwa huruma, mama. Haipangiki tanurini."

Basi iliyopinda ndiyo iliyobaki kuzaa.
Tukatandika magunia chini yake,
tukaokota mbegu zake moja moja,
mwili kaniki, kichwani wekundu wa hina.
Tukazilaza kwenye chupa za maji zilizokatwa shingo,
kwenye makopo, kwenye buti moja la Nnonjela
lililokosa mwenzake.

Kiangazi kikaja na hesabu zake.
Mchwa, miche tisa.
Mbuzi wa Chinduli, minne, na Chinduli akanuna sisi tulipodai.
Kisha usiku mmoja moto wa wawinda panya
ukapanda kutoka bondeni ukitembea kwa magoti,
ukasimama kwenye kitalu.
Nimeandika: iliyoungua, hamsini na minne.
Sababu: panya.
Na chini yake, kwa wino uleule:
Hashimu, mwanangu, alikuwemo.
Wenzangu walisema nifute. Sikufuta.
Sasa yeye ndiye anayebeba ndoo ya alfajiri,
hasemi kitu, anamwagia hata visivyo vyetu.

Watoto wa shule wanauliza, komba atarudi lini?
Wanamjua kwenye msemo tu, wa mlevi na tembo.
Fatu Mkwanda aliapa amemsikia, saa nane za usiku,
tukatoka na mashuka, tukanyamaza uani,
kumbe ni mjukuu wake, meno yanamwota.
Tulicheka mpaka kichanga akanyamaza kutushangaa.

Juzi nikipalilia, chini ya mkongo uliopinda,
pale majivu yalipolala mazito,
nikakuta mche mmoja. Si mkongo. Si mpingo.
Majani matano yameshikana kama kiganja.
Nnonjela akalivunja moja, akalinusa, macho kayafumba:
"Mfuru. Wa mwisho niliuchoma mwenyewe,
mwaka wa mafuriko. Mwingine hauko karibu."
Kando yake kinyesi kidogo, kikavu,
na ndani ya kinyesi kokwa.

Nikawauliza wote tisa. Wote wakakana.
Hashimu akatikisa kichwa, ndoo mkononi.

Daftari langu lina safu nne, nilizichora kwa rula:
Tarehe. Aina. Idadi. Mpandaji.
Nimeandika tarehe. Nimeandika mfuru.
Nimeandika mmoja.
Nafasi ya nne iko wazi.
Fatu anasema niandike Mungu, yaishe.
Mungu namjua, nikamwambia,
lakini huyu ameacha mavi.

Usiku nimekaa uani, kibatari nimezima,
kalamu sikioni.
Hakuna kilicholia bado.