Kina na Mizani

Boksi limefika na treni ya jioni,
limezungushwa gundi mara tatu,
na Ndahani wa getini ananiuliza kama ni kitoweo.
Nasema ni kazi.
Anacheka: tangu lini samaki akawa kazi Dodoma?

Kumi na tisa. Hakuna anayezidi kidole changu cha shahada.
Weusi wa masizi ya chungu,
na ubavuni safu ya vitone
vilivyokuwa taa kabla ya barafu.
Wametolewa mita mia nane chini,
mahali ambapo jua halijafika
hata kuulizia njia.
Kila usiku hupanda kutafuta chakula,
kama vibarua wa soko,
alfajiri wakarudi gizani na walichopata.

Nampasua wa kwanza. Wa pili.
Namwaga dawa inayokula nyama
ikabakiza kisicholika.
Nachuja. Nangoja. Nainamia hadubini.

Wa saba ana uzi.

Wa bluu, mfupi kuliko ukope wa mtoto,
umejikunja kama mgeni aliyepewa mkeka mdogo.

Bluu hiyo naijua.
Baba alishona salfeti soko la Kibaigwa,
shazia mkononi, uzi mdomoni,
salfeti nyeupe zenye mistari miwili ya bluu.
Mwezi wa sita zilijaa mtama na alizeti.
Mwezi wa kumi zilikuwa pazia la choo,
kiraka cha paa, ukuta wa banda la kuku,
na jua likizitafuna taratibu
hadi ukizigusa zinabaki vidoleni kama unga.
Sisi tulizichambua uzi kwa uzi
tukawasuka nywele wanasesere wa magunzi.
Zilizobaki upepo ulichukua.
Tulisema zimeisha.
Ndivyo tulivyosema juu ya kila kitu:
unga umeisha, kiangazi kimeisha,
Sechelela wa jirani kaisha kwa homa.

Kinyasungwe ni mto wa mchanga.
Miezi minane unauvuka bila kuvua viatu.
Halafu usiku mmoja wa Januari unaunguruma,
unabeba magogo, ndala, mbuzi na kamba yake,
unaikunja reli ya Gulwe kama mkanda wa suruali,
unashuka Mkondoa, unashuka Wami,
unakwenda kumwaga baharini
makorongo yetu yote.

Baba alikufa hajaiona bahari.
Alikuwa akisema ni Bahi ya masika, ila haikauki.

Fomu inauliza rangi. Bluu.
Umbo. Uzi.
Urefu. Nukta nane ya milimita.
Chanzo.
Nafasi ya chanzo ina upana wa neno moja.
Naandika: haijulikani.

Darasa la sita mwalimu Chilongani alitukaririsha
kwamba shairi halisimami bila kina na mizani.
Kina ninacho, kimeandikwa kwa wino kwenye lebo.
Mizani iko hapa, imezungushiwa vioo
ili hata pumzi isiiguse.
Nimeulaza uzi juu yake.
Imesoma sifuri.
Nimeifuta, nimeilaza tena.
Sifuri.

Saa nne usiku nakumbuka sahani tupu,
ile tunayoiacha wazi mezani
itushtaki sisi wenyewe.
Naiweka chini ya lenzi.
Nyuzi mbili.
Mmoja mwekundu, wa skafu ya Ndahani pengine,
aliyeingia kuchungulia kitoweo.
Wa pili wa bluu.

Natazama mkono wangu.
Chini ya koti jeupe nimevaa sweta la mtumba,
Julai ya Dodoma haina huruma,
na rangi yake,
sijui kwa nini sikuwahi kuitazama.

Basi huenda ni baba. Huenda ni mimi,
nimemshonea samaki wa watu usiku huu huu.
Nafuta jibu la wa saba.
Navua sweta. Baridi inanishika mabega.
Nje upepo unasukuma dirisha,
na kwenye mchongoma wa uzio
kitu chembamba kinapepea, kinapepea,
hakijaamua kuanguka.

Nachukua kisu.
Wa nane.