Robo Yangu

Zulekha aliniuliza, huku akichambua choroko:
hiyo ndege mnayomiliki watu wanne,
robo yako ni ipi?

Nikacheka. Swali nikaondoka nalo hadi uwanjani,
nikapita nalo getini kwa mlinzi anayeniita Kapteni
ingawa anajua nauza rangi za nyumba Kariakoo.

Sisi wenyewe tulishagawana, kwa utani.
Karmali wa vigae alisema injini ni yake,
yeye ndiye aliyelipia silinda ya tatu.
Mhandisi Kokushubila akachukua mbawa.
Ndimbo, rubani mstaafu, akataka usukani
na hakuna aliyembishia.
Mimi nikabaki na mkia, viti vya nyuma,
na kisahani cha majivu kisichofunguka.

Ni kuukuu, imenizidi miaka mitano.
Rangi ya dukani kwangu hairuhusiwi kuigusa:
rangi ni uzito, alisema fundi, na uzito ni deni.
Bili huja imeshakatwa vipande vinne
kama mkate wa kumimina:
egesho, bima, ukaguzi,
pipa la mafuta linalopanda bei kabla halijapanda gari.
Kuna wakati tulingoja kipuli kimoja, kidogo kama kitasa,
kikalala forodhani siku sabini na moja.
Jumamosi nilikwenda nikakaa ndani, mlango wazi,
nikizungusha vifundo visivyo na umeme.
Hiyo nayo ni kumiliki.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa nne,
mvua imenyamaza kidogo kuvuta pumzi,
nilikinga mafuta kwenye kichupa, nikakiinua juani:
maji chini, mafuta juu,
mpaka wao mwembamba kama uzi.
Nikamwaga. Nikakinga tena, hadi ikawa buluu tupu.

Mnara ukaniruhusu. Nilikuwa peke yangu.
Paa za Kipawa zikateleza chini ya magurudumu,
Msimbazi umevimba, rangi ya chai ya maziwa,
Jangwani imelala humo na shuka mwilini.
Kariakoo nililitafuta duka langu:
bati moja katikati ya mabati.
Kisha maji, kisha Mbudya na pete yake ya mchanga.

Nikapunguza moto nianze kushuka.
Injini ikakohoa.

Si sana. Kikohozi cha mtu barazani
anayetaka kusema jambo.
Halafu cha pili, na usukani ukatetemeka viganjani.

Hapo nilitamani mno injini iwe ya Karmali.
Mbawa ziwe za Kokushubila, mikono iwe ya Ndimbo.
Futi elfu mbili, na hakuna hata mmoja wao.

Barafu. Dar es Salaam hii hii, barafu,
kwenye koo la kabureta:
hewa yetu inayootesha ukungu juu ya viatu
huweza kuganda humo ndani.
Nilijua. Nimefundishwa. Mkono hata hivyo ulichelewa
kama wa mtoto anayesukumwa akaamkie wageni.
Nikavuta kifundo cha joto.
Ikazidi kukohoa, na hilo pia nilifundishwa,
barafu ikiyeyuka huipalia injini,
lakini kufundishwa ni darasani.
Nikahesabu, sikumbuki hadi ngapi,
nikiutazama ufuo wa Kunduchi
kama mtu anayepima kitanda kwa macho.

Ikasafisha koo. Ikanguruma.

Katika sekunde zile ilikuwa yangu yote,
kila msumari,
hadi kisahani cha majivu.

Kwenye daftari niliandika: dakika hamsini na nne.
Barafu ya kabureta. Imeondolewa.
Herufi zilipinda, nikaziacha.
Desturi yetu, kila aliyeruka hufuta wadudu
ubawa mmoja, wa pili humwachia mwenzake.
Nilifuta zote mbili, nikafuta na propela,
nikafuta mahali palipokuwa safi.

Umeipata? akauliza Zulekha.
Nini?
Robo.
Nikamwomba chai.
Mwisho wa mwezi bili ikaja, vipande vinne vilevile,
nikalipa kimoja.