Tope Upande wa Kulia

Watu wa Mafinga waliuona msimu ule jukwaani.
Mimi niliusoma kwenye beseni.

Jezi kumi na nane, kaptula kumi na nane,
soksi zilizopoteza wenzake,
nyuma ya ghala la klabu ya Msumeno,
maji ya Agosti yakiuma vidole kama siafu.
Wenye viwanda vya mbao walikuwa wametununulia rangi mpya,
kijani cha misindano.
Kocha alishuka kwenye basi la Dar bila koti.
Oktoba aliondoka na koti la kuazima,
hajalirudisha mpaka leo.

Jezi haina siri kwa dobi.
Namba tisa, ya Lutengano, ilirudi safi kila wiki,
ningeweza kuikunja bila kuilowesha:
mshambuliaji asiyekwatuliwa,
maana hakuna aliyeona haja.
Namba nne ilirudi na damu ya magoti;
mvua zilipochanganya, na harufu ya ulanzi.
Sikumlaumu Chengula.
Mshahara wa Desemba ulifika Februari,
nao ulifika nusu.

Lakini kipa.
Jezi ya Odilo ilikuwa ya manjano.
Tope bega la kulia, tope ubavu wa kulia,
nyonga ya kulia mpaka uzi umelika.
Kushoto, kiini cha yai.
Mechi ya kwanza nikasema bahati.
Ya tano nikasema mazoea.
Ya kumi na mbili nikajua
kijana huyu ana njia moja tu ya kuanguka.

Na kama dobi anajua,
ligi nzima nani hajui?
Redio ya fundi Nyaulingo ilipiga kelele Novemba: kushoto kwake!
Ikapiga kelele Januari: kushoto kwake, tena!
Nikasugua.
Kocha wa pili alikuwa na ubao wenye sumaku,
wa tatu alikuja na maji ya chupa yaliyoombewa.
Nani angemuuliza mama mwenye sabuni ya mche?

Machi, basi likazima Kitonga.
Tumetoka kufungwa nne Morogoro,
vijana wakapanda mlima kwa miguu nyuma ya malori;
jezi zile zilinuka dizeli wiki mbili.
Huku nyumbani jukwaa lenyewe likaanza kupungua,
ubao mmoja leo, ubao mmoja kesho,
nikiona mabanda mapya ya kuku njia nzima ya kwetu.

Tukashuka daraja Aprili, mechi tatu zikiwa bado.

Siku ya kuamkia mechi ya mwisho Odilo alikuja mwenyewe,
mtunza vifaa alikuwa ameshaacha kazi.
Nikaitandaza jezi juu ya meza.
Tazama, nikamwambia.
Akatazama. Akapitisha kucha kwenye mshono wa kushoto.
"Tangu lini, mama Yusta?"
Tangu Agosti.
Alicheka, au alikohoa,
baridi ilikuwa kali na mimi nilikuwa nimeinamisha uso.

Dakika ya themanini, bila kwa bila,
ukungu umekaa uwanjani kama mgeni asiyeaga.
Penalti.
Niliacha maji yamwagike nikasogea redioni.
Odilo akaruka kushoto,
kwa mara ya kwanza mwaka mzima akaruka kushoto,
kwa urefu wake wote.
Mpira ukaenda kulia.
Inasemekana mpigaji alichoka kufanya lililo rahisi.

Nyaulingo alizima redio akanitazama
kana kwamba nilipiga mimi.

Nimefua zote, nimezifunga guniani na karafuu chache kwa ajili ya nondo.
Ile ya manjano bado iko msumarini,
tope limekauka upande wa kushoto, zito, jekundu,
linadondoka kidogo kidogo mlango ukifungwa kwa nguvu.
Odilo amepita mara mbili kuiulizia.
Nimemwambia bado haijakauka.