Sura ya Nne: Matokeo

Mwalimu Mpangala ameizungushia kalamu nyekundu
sentensi yangu moja, ukurasa wa thelathini na moja:
*Ndoo ya kijani ilifunikwa khanga.*
Pembeni ameandika: Hii si takwimu.

Kweli, si takwimu.
Takwimu ni hizi: wazazi sitini na wawili,
wiki saba, wodi moja hapa Newala
yenye mabomba matatu, mawili pambo,
la tatu hukohoa saa kumi alfajiri,
hutema kutu, hunyamaza.
Lita kumi na nne kwa kila mzazi, kwa wastani,
zimepanda mlima vichwani mwa watu
ili mkunga anawe mikono.

Nilimtafuta huyo Wastani kitanda hadi kitanda.
Hayupo.
Yupo Bi Asumini Nandonde, aliyetoka Mnyambe na bodaboda,
binti kwenye pikipiki ya mbele,
yeye nyuma, ndoo kaipakata kama mjukuu.
Lita ishirini zilitoka nyumbani, zikafika kumi na moja.
Akaniomba radhi mlangoni, gauni limelowa mpaka magotini:
"Mwanangu, barabara nayo ilikuwa na kiu."
Nikaandika: upotevu njiani, asilimia arobaini na tano.
Hapo mwalimu akatia vema.

Ndoo ya kijani ilitoka Malatu, imejaa pomoni.
Khanga imekazwa mdomoni kwa kamba ya mkonge,
maandishi yamekunjwa, nikasoma neno moja tu: NGOJA.
Tulingoja. Hadija Likwati alisukuma usiku kucha.
Mtoto alikuja na nywele nyingi, na kimya.

Bibi yake hakulia. Alifungua kamba,
akamwosha polepole, nyuma ya masikio, katikati ya vidole,
mpaka maji yakaisha ndooni.
Dodoso langu liliuliza: Maji yalitumika kwa
(a) kunawa (b) kufua (c) kunywa (d) mengineyo.
Nikaweka alama kwenye (d).
Kwenye jedwali la tano, mengineyo ni moja.

Bweni, taa ikizimwa, tunagawana dunia.
Editha anataka chumba cha upasuaji, Dar, chenye kiyoyozi.
Twahiri anajifunza Kiarabu kwenye simu, anaihesabu Maskati
riali kwa riali.
Nangomwa anataka shahada ya pili, kisha ya tatu,
na mlango wenye jina lake.
"Na wewe, Somoe? Tafiti tano bora zinakwenda Mtwara mjini,
yako imo. Utaomba nini?"

Gata.
Wakacheka mpaka kitanda cha juu kikalia.
Lakini mimi nimelipima lile paa:
mita ishirini na sita za bati, bila gata hata moja.
Machi mvua inalipiga kama mwenye deni,
maji yanamwagika barazani, yanachimba shimo,
na wanawake wanalikwepa lile dimbwi
wakiwa na maji kichwani.
Nataka kuwa muuguzi mfawidhi wa wodi hii hii.
Nataka gata, simtanki mbili, na funguo za stoo,
na nitakuwa mkali, mtanisema.

Jana nimerudisha kazi. Sentensi nimeiondoa
sura ya nne, kama nilivyoagizwa.
Nimeihamishia ukurasa wa Shukrani,
baada ya wazazi wangu na kabla ya Bodi ya Mikopo.
Huko hawasahihishi.

Ndoo yenyewe ipo bado, chini ya sinki.
Walipoondoka na kile kifurushi chepesi
hakuna aliyekuwa na mkono wa kuibeba.
Nimeiandika MALATU kwa wino mzito, isipotee.
Likizo nitaipeleka.
Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu,
na sijui bado
nitie nini ndani.